Pepopunda: Kwa nini dawa yake haisubiri kesho

MKULIMA wa tumbaku anayejikata kwa jembe shambani, mrina asali anayechomwa na kijiti msituni na kijana wa bodaboda anayeanguka kwenye barabara ya vumbi wilayani Sikonge, mkoani Tabora, wana jambo moja linalowaunganisha. Wote watatu wamepata jeraha lililogusana na udongo. Na ikiwa ni wanaume, yaelekea hakuna hata mmoja kati yao aliyechomwa sindano ya kukinga pepopunda tangu alipokuwa mtoto mchanga, kama aliipata hata wakati huo.

Jeraha la namna hiyo mara nyingi huoshwa kwa maji kidogo, likafungwa kitambaa na kazi ikaendelea. Kwa watu wengi hupona bila tatizo. Lakini kwa wachache, siku saba, kumi au hata wiki tatu baadaye, wakati kidonda kimekwisha kufunga na kusahaulika, taya huanza kukaza. Mgonjwa hushindwa kufumbua kinywa. Shingo hukakamaa, mgongo hupinda kama upinde, na kila kelele au mwanga wa ghafla huamsha mkazo mwingine wa misuli huku akili yake ikiwa timamu kabisa.

Huo ndio pepopunda, ugonjwa ambao Watanzania wengi wa mijini wanaukumbuka kwa jina la chanjo ya wajawazito tu. Tiba yake ya msingi ina zaidi ya miaka 130 na ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza duniani kutengenezwa kutokana na kinga ya mwili wenyewe. Hata hivyo, dawa hiyo ina sharti moja lisilobadilika: lazima imfikie mgonjwa kabla sumu ya ugonjwa haijaingia katika mishipa yake ya fahamu. Ikichelewa, haiwezi kurudisha kilichokwisha kupotea.

Sumu, si kidudu

Pepopunda husababishwa na bakteria waitwao kitaalamu Clostridium tetani. Makao yao ni udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama kama ng'ombe, farasi na punda. Katika mazingira magumu bakteria hao hujifunika gamba na kuwa kama mbegu kavu, na katika hali hiyo huweza kukaa ardhini kwa miaka mingi bila kufa. Jua haliwamalizi kwa urahisi, wala ukame, na hata maji ya kuchemka kwa muda mfupi hayatoshi kuwaua.

Mbegu hizo zinapoingia katika jeraha lenye kina, lenye nyama iliyokufa au uchafu uliobaki ndani, hukuta mahali pasipo hewa ya oksijeni. Hapo ndipo huamka, zikazaliana na kuanza kutoa sumu. Ndiyo maana tundu dogo la msumari au mwiba huweza kuwa la hatari kuliko mchubuko mpana ulio wazi.

Bakteria wenyewe hawaendi mbali. Hubaki pale pale kwenye kidonda. Kinachosafiri ni sumu yao, ambayo huingia katika ncha za mishipa ya fahamu inayoongoza misuli, kisha hupanda polepole ndani ya mishipa hiyo hadi kwenye uti wa mgongo. Huko hufunga kazi ya chembe zinazotoa amri ya kulegea.

Kwa kawaida, kila msuli wa mwili hupokea amri za aina mbili: ya kukaza na ya kulegea. Mtu anapokunja mkono, msuli mmoja hukaza na mwenzake hulegea. Sumu ya pepopunda huzima amri ya kulegea na kuacha ya kukaza peke yake. Matokeo yake ni misuli yote kuvutana kwa wakati mmoja, kwa nguvu inayoweza hata kuvunja mifupa. Mgonjwa hufa kwa kushindwa kupumua au kwa sababu ya mvurugiko wa mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Sumu hiyo ni miongoni mwa zilizo kali kuliko zote zinazofahamika duniani. Kiasi kinachoweza kumwua binadamu ni kidogo mno, hakiwezi kuonekana kwa macho. Udogo huo ndio unaoeleza jambo linalowashangaza wengi: mtu aliyeugua pepopunda na kupona hapati kinga ya ugonjwa huo. Sumu iliyomlaza kitandani kwa wiki kadhaa ilikuwa ndogo kiasi kwamba mwili haukupata nafasi ya kuijua na kujiandaa. Anayepona naye hana budi kuchanjwa kama mtu mwingine yeyote.

Aidha, pepopunda hauambukizwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mwingine. Hakuna kipimo cha damu kinachotumika kuuthibitisha kwa uhakika. Daktari huutambua kwa kumwangalia mgonjwa na kusikiliza historia ya jeraha lake.

Kingamwili za kuazima

Mwili wa binadamu hujilinda dhidi ya sumu kwa kutengeneza kingamwili, yaani protini za damu zinazoitambua sumu fulani, kuishika na kuifunga isiweze kufanya kazi. Kila kingamwili hulenga adui wake, mithili ya ufunguo na kufuli. Inayofunga sumu ya pepopunda haiwezi kufunga sumu ya dondakoo.

Tatizo ni muda. Mwili unaokutana na sumu kwa mara ya kwanza huhitaji wiki moja hadi mbili, na pengine zaidi, kutengeneza kingamwili za kutosha. Kwa pepopunda, huo ni muda ambao mgonjwa hana.

Kuna njia mbili za kuuziba mwanya huo. Ya kwanza ni chanjo, ambayo huufundisha mwili mapema kwa kutumia sumu iliyokwisha kuondolewa makali. Ya pili ni kumpa mtu kingamwili zilizotengenezwa tayari na mwili mwingine. Hii ya pili ndiyo tiba ya seramu, na kingamwili zake zaweza kuitwa za kuazima. Hufanya kazi mara moja, lakini hazidumu. Zile zinazotokana na farasi huisha katika muda wa wiki mbili hivi, na zinazotokana na damu ya binadamu hupungua kwa wiki kadhaa hadi miezi michache.

Wakazi wa Sikonge wanaifahamu kanuni hii kwa sura nyingine. Dawa ya sindano anayopewa mtu aliyeumwa na nyoka hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo: mnyama, kwa kawaida farasi, hudungwa sumu ya nyoka kidogo kidogo mpaka damu yake ijenge kingamwili, kisha kingamwili hizo huchujwa na kuwekwa katika chupa. Mfaransa Albert Calmette alianza kutengeneza dawa ya namna hiyo miaka ya 1890, akifuata nyayo za watafiti wa pepopunda na dondakoo.

Asili nayo inaijua njia hii. Mama mjamzito aliyechanjwa dhidi ya pepopunda hupitisha kingamwili zake kwa mtoto kupitia kondo la nyuma. Mtoto huzaliwa akiwa na akiba ya kuazima inayomlinda katika wiki zake za kwanza, wakati kitovu chake ni kidonda kibichi na mwili wake haujajua kujitetea. Sindano anayochomwa mama kliniki ni tiba ya kingamwili anayopewa mtoto kabla hajazaliwa.

Kutoka Berlin hadi njia ya misafara

Historia ya tiba hii inaanzia Ujerumani. Mwaka 1889, daktari wa Kijapani Kitasato Shibasaburo, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Robert Koch mjini Berlin, alifanikiwa kuotesha bakteria wa pepopunda peke yao. Mwaka uliofuata, Desemba 1890, yeye na mwenzake Emil von Behring walitangaza ugunduzi uliobadili tiba duniani. Walikuwa wamewazoesha sungura sumu ya pepopunda kidogo kidogo. Kisha walichukua maji maji ya damu ya sungura hao, yaani seramu, wakawadunga panya. Panya waliopata seramu hiyo walistahimili sumu iliyowaua wenzao.

Behring alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1901, ikiwa ndiyo ya kwanza kabisa kutolewa katika fani hiyo. Kitasato hakutajwa katika tuzo hiyo.

Huko Paris, Emile Roux alitumia farasi ili kupata seramu nyingi zaidi. Takwimu alizotoa mwaka 1894 zilionyesha kuwa vifo vya watoto wenye dondakoo katika hospitali moja ya jiji hilo vilishuka kutoka karibu nusu ya wagonjwa hadi takriban robo. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Ulaya yalianza kuwadunga majeruhi seramu ya pepopunda mara baada ya kujeruhiwa, na wagonjwa wa pepopunda wakapungua sana. Funzo lililopatikana katika mahandaki ya vita lilikuwa dhahiri: seramu iliyotolewa siku ya jeraha ilizuia ugonjwa, ilhali ile iliyotolewa baada ya taya kukaza ilisaidia kwa kiasi tu.

Koch mwenyewe aliifahamu Afrika Mashariki. Alikuwa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza malaria na magonjwa mengine, akarudi mwaka 1905 na kuchunguza homa ya papasi, ambao aliwakuta wakiishi katika vibanda vya mapumziko kwenye njia za misafara.

Njia iliyo maarufu kuliko zote ilikuwa ile iliyotoka Bagamoyo hadi Tabora, na kutoka hapo ikagawanyika kuelekea Ujiji, Karagwe na kusini. Wapagazi wa Kinyamwezi waliipita miguu mitupu wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipokuwa akimtafuta David Livingstone, alilazimika kuondoka Tabora kwa kuzungukia kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, ili kukwepa vita ya Mtemi Mirambo. Ni upande huo wa kusini mwa Tabora ambako wilaya ya Sikonge ipo leo, na ambako wamisionari wa Moravian walijenga kituo kilichokuja kujulikana kwa huduma za hospitali na za wagonjwa wa ukoma.

Udongo wa nchi hiyo haujabadilika kwa maana inayohusu pepopunda. Ng'ombe na punda bado wanapita, samadi bado inarutubisha mashamba, na miti ya miombo bado inakatwa kwa shoka ili kupata nguzo za mabani ya tumbaku na kuni za kukaushia. Hata jina la ugonjwa limeundwa kwa maneno mawili yanayobeba mtazamo wa wazee: pepo na punda. Mkazo wa ghafla wa misuli ulionekana kuwa kazi ya pepo, na kwa sababu hiyo baadhi ya wagonjwa walipelekwa kwanza kwa mganga wa jadi, saa zenye thamani zikapotea.

Mlango unaofungwa

Kuchelewa huko kunaua kwa sababu ya kimaumbile. Sumu ya pepopunda inapokuwa katika kidonda au katika damu, kingamwili huweza kuifikia na kuifunga. Ikishaingia ndani ya mshipa wa fahamu, mlango hujifunga nyuma yake. Kingamwili ni protini kubwa zisizoweza kuingia ndani ya chembe hai za mishipa hiyo. Seramu inayotolewa wakati huo huzuia sumu mpya isiingie, lakini haigusi ile iliyokwisha kuingia.

Kwa hiyo mgonjwa aliyeanza kukaza taya huhitaji mambo mengi zaidi ya seramu. Kidonda chake husafishwa na nyama iliyokufa hukatwa ili kuondoa kiwanda cha sumu. Hupewa antibiotiki, hususan metronidazole, kuua bakteria waliobaki. Hupewa dawa za kulegeza misuli na kutuliza kama diazepam, na hulazwa katika chumba chenye utulivu na mwanga hafifu. Hali ikiwa mbaya, huhitaji mashine ya kumsaidia kupumua na wauguzi wa kumwangalia usiku na mchana, pengine kwa wiki tatu au zaidi, mpaka miunganiko mipya ya mishipa iote.

Huduma ya namna hiyo si rahisi kupatikana karibu na shamba. Mji wa Sikonge uko takriban kilomita 70 kusini mwa mji wa Tabora, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete. Lakini wilaya hiyo ni kubwa na sehemu yake kubwa ni misitu ya hifadhi, kwa hiyo kuna vijiji vilivyo mbali mno na makao makuu ya wilaya yenyewe.

Hata penye huduma bora, vifo ni vingi. Utafiti wa Hospitali ya Bugando ya jijini Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, uliwapitia wagonjwa 102 wa pepopunda waliotibiwa katika muda wa miaka kumi. Takriban wanne katika kila kumi walifariki dunia. Wengi mno kati ya wagonjwa hao walikuwa wanaume.

Wanaume waliosahaulika

Takwimu hiyo ya Bugando haikuja kwa bahati mbaya. Mpango wa taifa wa chanjo, ulioanza mwaka 1975, uliwalenga watoto wachanga na baadaye wanawake wenye umri wa kuzaa. Sababu yake ilikuwa nzito. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa mwaka 1988 watoto wachanga 787,000 walikufa kwa pepopunda duniani kote. Kufikia mwaka 2018 makadirio yalikuwa vifo 25,000.

Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya kina mama na watoto wachanga, kwa maana ya kuwa na mgonjwa mchanga asiyefikia mmoja katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai katika kila wilaya. Ni mafanikio makubwa, na Sikonge ni sehemu yake. Lakini kutokomeza huko si sawa na kutokomeza ndui. Virusi vya ndui vilikuwa na makao kwa binadamu pekee, na vilipokosa pa kwenda vilikwisha. Bakteria wa pepopunda wana ardhi yote.

Mtoto wa Kitanzania huchanjwa akiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, na tangu mwaka 2009 kinga ya pepopunda imo katika chanjo moja inayozuia magonjwa matano. Kinga ya dozi hizo tatu hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Msichana huongezewa nguvu anapopata ujauzito na kwenda kliniki. Kaka yake hana kliniki inayomsubiri. WHO inapendekeza dozi sita kwa kila mtu, wa kiume na wa kike: tatu za uchangani na tatu za kuongeza nguvu, ya mwisho ikiwa kati ya umri wa miaka 9 na 15.

Pengo hilo lilidhihirika kwa njia ambayo haikutarajiwa. Kampeni ya tohara ya hiari kwa wanaume ili kupunguza maambukizi ya Ukimwi ilipoenea katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, Tabora ikiwa miongoni mwa mikoa iliyolengwa nchini pamoja na Iringa, Njombe na Shinyanga, taarifa za wagonjwa wachache wa pepopunda baada ya tohara zilianza kulifikia WHO kutoka nchi kadhaa. Wagonjwa hao walikuwa wachache mno wakilinganishwa na mamilioni ya waliotahiriwa. Hata hivyo, waliilazimu dunia ya afya kulitazama jambo lililokuwa wazi siku zote: vijana na wanaume wa eneo hili walikuwa hawana kinga ya kutosha. Uganda iliamua kuwachanja wanaume dhidi ya pepopunda kabla ya tohara.

Farasi, binadamu na kiwanda

Seramu ya farasi ilibeba kasoro zake. Kwa kuwa protini za farasi ni ngeni kwa mwili wa binadamu, baadhi ya wagonjwa hupata mzio mkali ndani ya dakika chache, na wengine hupata homa, upele na maumivu ya viungo wiki moja au mbili baadaye. Ndiyo maana mhudumu huuliza kama mgonjwa aliwahi kupata sindano hiyo, na huweka karibu dawa ya dharura ya adrenalini.

Usafi wa viwandani nao ulikuwa na historia chungu. Mwaka 1901 katika mji wa St. Louis, Marekani, watoto 13 walikufa baada ya kudungwa seramu ya dondakoo iliyotoka kwa farasi aliyeitwa Jim, ambaye kumbe alikuwa na pepopunda. Tukio hilo lilichangia kutungwa kwa sheria ya mwaka 1902 ya kusimamia dawa za aina hiyo nchini humo.

Baadaye zilianza kutumika kingamwili zinazochujwa kutoka damu ya binadamu waliochanjwa. Hizo hazisababishi mzio kwa urahisi, na dozi ya kawaida ya kukinga ni yuniti 250, ilhali ya farasi ni yuniti 1,500 au zaidi. Lakini ni ghali na huhitaji wachangiaji wa damu. Zote mbili, ya farasi na ya binadamu, lazima zihifadhiwe katika jokofu, kwenye nyuzi joto kati ya 2 na 8 za Selsiasi, sharti ambalo si jepesi kwa zahanati ya kijijini isiyo na umeme wa uhakika.

Hatua ya tatu ni kingamwili zinazotengenezwa kiwandani na chembe hai zilizooteshwa katika matangi, zote zikiwa za aina moja. Dawa za namna hiyo dhidi ya sumu ya kimeta ziliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2012 na 2016. Nyingine, dhidi ya sumu ya bakteria wa kuhara wanaoshambulia wagonjwa waliotumia antibiotiki nyingi, iliidhinishwa mwaka 2016, lakini kampuni iliyoitengeneza iliacha kuiuza mwaka 2025. Mwaka huo huo wa 2025, China iliidhinisha kingamwili ya kiwandani dhidi ya sumu ya pepopunda.

Historia hiyo fupi ya dawa ya kuhara inaonyesha udhaifu wa tiba hizi: hutegemea soko. Kadiri chanjo inavyofanikiwa, wagonjwa hupungua, na watengenezaji wa seramu nao hupungua. Dondakoo ilipolipuka Nigeria mwaka 2023, dunia ilikuta akiba ya seramu yake ni ndogo mno kuliko mahitaji. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa vitabuni ulirudi, na dawa yake ya mwaka 1890 ilikuwa adimu.

Sumu nyingine ya ukoo huo huo wa bakteria imewahi kuigusa Afrika Mashariki. Nayo ni ya botulizimu, ambayo tofauti na pepopunda hulegeza misuli badala ya kuikaza. Madaktari waliripoti mlipuko wake nchini Kenya mwaka 1980 kwa watu waliokula kumbikumbi, na mwaka 2008 uliwapata wanafunzi wa shule ya bweni nchini Uganda. Tiba yake pia ni seramu, na sharti ni lile lile la kuwahi.

La kufanya leo

Kwa mwenye jeraha, kanuni si ngumu. Kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, na uchafu wote uondolewe. Kisipakwe samadi, majivu, udongo wala mafuta ya gari. Kisha mtu afike katika zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama haoni maumivu makubwa.

Huko ataulizwa swali moja muhimu: amechanjwa pepopunda mara ngapi, na mara ya mwisho lini? Aliyekamilisha dozi tatu au zaidi na ya mwisho haijapita miaka mitano kwa kawaida hahitaji sindano. Ikiwa imepita miaka mitano na jeraha ni chafu, au miaka kumi na jeraha ni safi, huongezewa chanjo. Ambaye hakufikisha dozi tatu, au hakumbuki, na jeraha lake ni chafu au lina kina, hupewa vyote viwili: chanjo katika mkono mmoja na seramu mahali pengine mwilini. Seramu humlinda wiki hizi, na chanjo huandaa kinga ya miaka ijayo, ilimradi arudi kumalizia dozi zilizobaki.

Kurudi huko ndiko wengi wanakokusahau. Jeraha likishapona, sababu ya safari ya kilomita nyingi haionekani tena. Hata hivyo, dozi ya pili na ya tatu ndizo zinazomwondolea mtu haja ya seramu siku atakapojikata tena, na kwa mkulima siku hiyo haikosi kuja.

Kwa mama mjamzito, kadi ya kliniki ibaki safi na kamili, na kitovu cha mtoto kikatwe kwa wembe mpya na kisiwekwe kitu chochote isipokuwa dawa aliyoelekeza mhudumu wa afya.

Kwa wanaume hakuna kadi, na hapo ndipo kazi iliyobaki ilipo. Chanjo ya pepopunda hutolewa zahanati ilipo huduma ya wajawazito, na friji inayoihifadhi ni ile ile. Mume anayemsindikiza mkewe kliniki tayari amefika mlangoni. Anachohitaji ni kuuliza kama naye anaweza kuchomwa sindano hiyo, kabla jembe halijamkata na kabla saa hazijaanza kuhesabiwa.